Barua kwa Rukia, kabla ya mtihani

Makorora, Tanga

Mwanangu Rukia,

Salamu za nyumbani zikufikie huko Dar es Salaam. Sisi hatujambo, ila kusi limeanza kuvuma na samaki wamekuwa wa kutafuta. Tangu uliponipigia Jumapili sijalala vizuri. Umesema zimebaki wiki tatu ufanye LSAT, huo mtihani wa kuingia vyuo vya sheria vya Marekani, na katika majaribio bado unaangushwa na maswali yale yale ya kudhoofisha hoja. Halafu ukasema "usijali mama", ukakata simu. Nitaachaje kujali?

Nimekaa na makaratasi uliyoyaacha mezani siku ya Idi. Kiingereza changu ni cha karani wa mahakama ya mwanzo, lakini maswali haya nimeyaelewa, na alama zako za kalamu nyekundu nimezifuata moja moja. Rukia, unabishana na ulichopewa. Wanakuambia jambo fulani limetokea, wewe unatafuta jibu linalosema halikutokea. Mtunga swali hakuulizi kama ushahidi wake ni wa kweli. Mwachie ushahidi wake. Wewe tazama pale anapotoka kwenye ushahidi akarukia hitimisho, maana hapo katikati kuna kitu hakukisema.

Chukua hili la mtaani kwetu. Mtu anasema: tangu taa zifungwe barabarani, wizi wa baiskeli umepungua, kwa hiyo taa ndizo zilizozuia wizi. Ninavyokujua, utakimbilia jibu la "wizi haukupungua". Umeshaambiwa umepungua! Jibu jingine litasema taa zimegharimu pesa nyingi. Sawa, lakini hilo halimgusi. Jingine litasema mtaa wa pili, usio na taa, wizi uko vile vile. Hilo linampa nguvu, na majibu ya namna hiyo umeyachagua mara nne katika karatasi moja. Nadhani ukifika chaguo la nne unakuwa umeshasahau umeulizwa nini. Jibu ni lile linalosema kwamba mwezi ule ule watu walianza kulaza baiskeli zao ndani. Halimalizi hoja, huenda taa nazo zilisaidia, ila sasa huwezi tena kuziamini kama mwanzo. Ulichoombwa ni hicho tu. Wewe unataka jibu la kumwangusha mtu chini kabisa, na usipoliona unakasirika unachagua lolote.

Tena wamekuandikia pale kwenye swali kwamba kila chaguo ulichukulie kuwa ni kweli. Usipoteze dakika kusema "hili haliwezekani". Ulichopewa usibishane nacho, mwanangu.

Sikufichi, mwanzoni nilinung'unika. Hapa kwetu mtu anamaliza kidato cha sita anaingia kusoma sheria moja kwa moja, nikajiuliza kwa nini uhangaike na Marekani ambako kwa kawaida lazima uwe na shahada ya kwanza kabla. Sasa nimenyamaza. Nimewaambia majirani kwamba alama ya chini ni 120 na ya juu ni 180, na kila anayepita kununua vitumbua anauliza Rukia kapata ngapi. Najibu bado, lakini najibu nikiwa nimenyoosha shingo.

Umenieleza mwenyewe kwamba yale mafumbo ya kupanga watu na siku, uliyokuwa ukiyaweza, yaliondolewa Agosti 2024. Sasa sehemu zenye alama ni tatu, mbili za hoja na moja ya ufahamu, dakika 35 kila moja, na kuna ya nne isiyo na alama ambayo hawakuambii ni ipi. Basi hoja ndizo zimebeba sehemu kubwa ya mtihani, ndiyo maana nakazania hili moja. Na kwa kuwa jibu baya halipunguzi alama, usiache swali tupu. Uliacha sita. Sita, Rukia! Na ule kabla ya kukaa. Shangazi yako anasema unashinda na chai ya rangi.

Kuna hoja nyingine nimeifikiria usiku. Hela za upatu hazipo sandukuni. Mtoto alikuwa peke yake nyumbani mchana kutwa. Kwa hiyo mtoto kachukua. Ukipewa hiyo, usijibu kwamba hela zipo, kwa sababu hazipo. Usijibu kwamba mtoto ni mwema, maana hata mtoto mwema huweza kuchukua. Kinachoidhoofisha ni mtu aseme kuna ufunguo wa pili, na anao mtu mwingine. Mtoto wa miaka kumi na mmoja aliliona hilo na akalisema. Karani aliyekuwa akiandika maelezo ya mashahidi kila siku hakulisikia. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuja kunieleza baadaye sana, wewe ukiwa bweni, na barua niliyoianza wakati ule sikuimaliza.

Bati la jikoni linavuja tena. Fundi anataka elfu arobaini, nimemwambia asubiri mwisho wa mwezi, basi usitume hela, maliza kwanza mtihani. Mdogo wako anaichukua baiskeli yako kwenda shule bila kuniuliza. Nimemkataza kuiacha nje ya duka.

Shangazi yako anapanda basi Alhamisi. Nimempa machungwa ya Muheza, kanga mbili na vyeti vyako ulivyoagiza. Ndani ya bahasha ya vyeti kuna kitambaa nimekifunga fundo, usikitupe. Ni ule ufunguo wa pili. Sanduku liko uvunguni pale pale. Ukija, fungua mwenyewe, usiniombe.

Mama yako