Mjomba, stempu ya Uttarakuru haina bei

Mjomba, shikamoo.

Siku ile sebuleni ulizishika stempu zangu, nilizozichora mwenyewe za nchi za hadithi, kwa kibano, kama unavyozishika za kwako, ukazigeuza mbele na nyuma, kisha ukaniuliza: "Sasa hizi zitapeleka barua wapi?" Sikuwa na jibu. Leo ninalo, na ninaliandika hadharani kwa sababu wapo wengine wenye swali hilohilo.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba stempu huitambulisha nchi. Basi nilipokutana na ramani ya kale ya ulimwengu wa Wabudha, macho yalikwenda kwenye maumbo. Mlima Meru, si ule wa Arusha, umesimama katikati ya bahari, na kila upande una bara lake: Purvavideha mashariki, nusu mwezi, Aparagodaniya magharibi, duara, Uttarakuru kaskazini, mraba, na kusini Jambudvipa, tunakoishi sisi, pana huku na nyembamba kule, kama mkokoteni. Nikasema, hizi ni stempu tayari, zimebaki kukatwa tu. Usiniambie stempu lazima iwe na pembe nne. Rasi ya Tumaini Jema ilitoa ya pembetatu mwaka 1853, na picha yake nilionyeshwa na wewe.

Jambudvipa nimeipaka buluu. Watibeti husimulia kwamba ubavu wa kusini wa Meru ni wa lapis lazuli, jiwe la thamani la buluu, na mng'ao wa jiwe hilo ndio unaolipa anga letu rangi yake. Meno ya kingo za stempu nimeyatoboa kwa cherehani ya mama, sindano bila uzi, nikizungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja moja. Ile ya duara ilichanika mara tatu kabla sijajua kwamba karatasi hugeuzwa sindano ikiwa bado imezama ndani yake.

Sura ya Buddha sikuiweka popote. Stempu hugongwa muhuri, na sikutaka kuchora uso unaoheshimiwa na watu ili uje upigwe wino.

Iliyonisumbua zaidi ni Uttarakuru. Maandiko yanasema wakazi wake huishi miaka 1000, na hakuna anayesema "hiki ni changu". Sasa nchi kama hiyo iandike bei gani? Nilikaa na penseli jioni nzima. Mwishowe pembe ya bei nikaiacha nyeupe, na mpaka leo naipenda hiyo kuliko zote.

Jibu lako ni hili, Mjomba. Tibet ilichapa stempu zake mwaka 1912: simba wa theluji, aliyechongwa kwenye mbao, bila meno. Kwa kuwa haikuwa mwanachama wa Umoja wa Posta Duniani, barua ya kwenda nje ilihitaji pia stempu ya India. Nguvu ya simba yule iliishia mpakani, lakini sijasikia mkusanyaji akisema si stempu.

Wiki ijayo pita ukafungue sanduku lako la posta. Utakuta bahasha yenye mraba usio na bei, na pembeni yake nimebandika stempu ya posta yetu, ya shilingi, ili ivuke.