Mjomba, shusha kii kwanza

Mjomba,

Shikamoo. Habari za albamu zimetufikia hata sisi tusioulizwa: umestaafu, gita limetoka juu ya kabati, na unataka nyimbo ishirini za kantri yenye roki ndani yake kabla ya Desemba. Ninakuandikia hadharani kwa sababu wenye mpango kama wako si haba. Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1964, lakini redio za Kenya hazijamzika hadi leo. Waliokua wakimsikiliza sasa wanastaafu mmoja mmoja, na kila mmoja ana daftari lake la nyimbo.

Umri wenyewe haunisumbui. K.T. Oslin alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1987 akiwa na miaka 45, ikafika namba moja kwenye chati ya albamu za kantri Marekani. Chris Stapleton aliwaandikia wengine nyimbo zaidi ya miaka kumi. Albamu yake ya kwanza ya peke yake ilitoka mwaka 2015, akiwa na 37. (Najua wewe umewapita wote wawili. Tuendelee.) Kinachonisumbua ni kii, yaani noti ya nyumbani ambayo wimbo mzima unajengwa juu yake.

Daftari lako liliandikwa na kijana. Nyimbo ziko kwenye A na G kwa sababu koo la wakati ule lilifika. Koo la sasa lina uzito chini na kakwaruzo katikati, vitu ambavyo vijana wa kantri wanavitafuta kwa udi na uvumba, ila noti mbili tatu za juu zimeshaondoka. Ukizifukuza studioni utapiga kelele, na maiki nzuri haisamehi kelele. Basi fanya hivi, nyumbani, kabla hujalipa shilingi ya studio. Imba wimbo mzima mara tatu mfululizo, umesimama, bila kupumzika. Kama kwenye kiitikio cha mara ya tatu kidevu kimeinuka, kii iko juu. Shusha nusu toni, hatua ndogo kabisa kwenye gita, rudia. Ukifika mahali kidevu kimetulia, rudi kwenye ubeti wa kwanza usikilize noti ya chini kabisa: ikitoka pumzi tupu bila sauti, umeshusha mno. Hapo usipandishe kii tena. Badilisha mwendo wa sauti kwenye ule mstari mmoja. Wimbo ni wako, hakuna atakayekushtaki.

Kushusha kuna gharama yake kwenye gita. Kutoka A kwenda G hakuna taabu, nyuzi za wazi bado zinalia. Kutoka G kwenda F ndipo wengi hukwama, wakafunga kodi za kidole kimoja kinachobana nyuzi zote (kodi za gita, noti zinazopigwa pamoja, si zile za serikali za KRA) wimbo mzima, na ule mlio wa kantri ukafa. Tumia kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye shingo ya gita. Gita la kwanza weka kapo freti ya 1 (freti ni vile vijiti vya chuma shingoni) upige kodi kwa maumbo ya E. Gita la pili weka freti ya 3 upige maumbo ya D. Yote mawili yanatoa F, lakini noti zinapangika tofauti, na magita mawili yanasikika kama bendi kubwa. Kapo iwe karibu kabisa na freti, nyuma yake, na tuni gita baada ya kuibana, maana kapo ngumu huvuta nyuzi zikapanda kidogo, na kosa hilo huligundui mpaka piano iingie.

Ule wimbo wako wenye rifu (kile kipande cha gita kinachojirudia) ya nyuzi za wazi kwenye E hautakubali kapo, kwa sababu kapo hupandisha tu, na wewe unataka kushuka. Pale legeza gita zima toni moja, iwe D. Nyuzi za 0.010 (unene wa inchi wa uzi mwembamba) zitalegea, na ukizichapa kwa nguvu kila noti itaanza juu kidogo ndipo itulie. Mtu atadhani gita limetoka kwenye tuni. Weka seti ya 0.011, kisha hakikisha noti ya freti ya 12 inalingana na ya uzi wazi, oktavu moja juu (noti ileile, ya juu zaidi). Zisipolingana, rekebisha daraja la gita. Mpiga besi naye aambiwe mapema, maana E yake ya chini haifiki D mpaka ailegeze au aje na besi ya nyuzi tano.

Kwa bendi, usiandike kodi kwa herufi. Wanamuziki wa Nashville huandika namba, mtindo ulioanzishwa na Neal Matthews wa kundi la Jordanaires mwishoni mwa miaka ya 1950. Kodi ya nyumbani ni 1, ya nne ni 4, ya tano ni 5, na ya sita, ambayo ni kodi ndogo (minor), ni 6 yenye kistari. Wimbo wa A, D na E unakuwa 1, 4, 5. Ukishusha hadi F, karatasi inabaki ileile na bendi inapiga F, B-flati na C. Siku ya studio ukiamka na mafua ukataka nusu toni chini zaidi, hakuna atakayeomba karatasi mpya.

Nyimbo ishirini ni nyingi. Rekodi kumi na mbili, toa kumi, dakika 35 hadi 40 jumla.

Sasa dramu. Produsa atakuambia atatengeneza ngoma kwenye kompyuta, ni rahisi. Kataa. Mdundo wa treni kwenye snea, ile ngoma ndogo kali, unaishi kwa sababu hakuna pigo linalofanana na la kabla yake. Tafuta mpigaji mwenye brashi, na maiki nne zinatosha: moja ya ngoma kubwa, moja ya snea, mbili za juu. Hizo mbili za juu ziwe na umbali sawa kutoka katikati ya snea. Chukua kamba, mmoja aishike kwenye ngozi ya snea, mwingine apime maiki ya kwanza kisha ya pili. Umbali ukitofautiana, sauti moja inafika mara mbili, mawimbi yanakatana, na snea inabaki kama kopo la bati.

Kwenye sauti yako, omba maiki ya dainamiki, ile ngumu ya jukwaani, si ile ya bei kubwa inayong'arisha kila kitu. Una pengo mbele, Mjomba, na "s" zako zinapiga mluzi. Simama shibiri moja kutoka kwa maiki na uigeuze kidogo, ielekee pembe ya mdomo. Nyimbo mbili kwa siku, mikupuo mitatu au minne kila mmoja (kuimba mwanzo hadi mwisho), halafu nenda nyumbani.

Wakati wa kuchanganya sauti zilizorekodiwa, usikae wewe kwenye mashine. Masikio yanapozeeka hupoteza sauti kali za juu kwanza, kwa hiyo mzee huomba matoazi yaongezwe, yaongezwe tena, naye hasikii kuwa vijana wameziba masikio. Mlete mtu wa miaka ishirini na kitu aamue sehemu ile. Wewe amua kiasi cha sauti ya kuimba, na kama maneno yanasikika.

Kabla ya malipo ya mwisho, chukua faili zote mbichi, WAV za biti 24. Nyimbo kumi na mbili zenye njia ishirini za sauti (moja kwa kila chombo au maiki) na mikupuo mitatu ni kama GB 25, flashi ya 64 inatosha. Nunua mbili na zisikae nyumba moja.

Na ule wimbo wa mtu wa Texas ulioutafsiri kwa Kikuyu: kuutafsiri hakukuufanya wako. Omba ruhusa ya mwenyewe, au uuache uwe wa harusini. Zako mwenyewe zisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na mliotunga pamoja mwandikiane mgao wa asilimia siku hiyohiyo, mkiwa bado marafiki.

Ninakutumia kwa basi pakiti moja ya nyuzi za gita la nyuzi kumi na mbili. Sita za kawaida zivishe gita lako. Zile sita nyembamba zivishe gita la Shangazi: kwa mtindo huo nyuzi nne za upande wa besi (E, A, D na G) hulia oktavu moja juu zaidi, na zikifuata kodi zilezile nyuma ya kiitikio, zinameta bila kugusa sauti yako ya chini. G ndiyo nyembamba kuliko zote. Ikaze polepole, ikikatika hakuna ya akiba.