Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Kanisa, Kodi na Rafu ya Chini

Ndugu wanachama,

Hesabu mmeshasomewa na mweka hazina, na mkaguzi ameziridhia, kwa hiyo sizirudii. Ada zimechelewa kama kawaida yetu. Mafunzo ya lebo za vyakula yalifanyika mara moja badala ya mbili, na kosa ni langu: ile tarehe ya pili niliipanga siku ya Idi kubwa bila kutazama kalenda, na watatu waliofika walinikuta mimi na viti. Naomba radhi.

Muda uliobaki nautaka kwa jambo moja, lile lililotugawa mwaka mzima. Sisi wasindikaji wadogo wa nafaka tunaozungumza Kiswahili hapa New Zealand tunauza kwenye rafu zilezile na Sanitarium, kampuni ya kanisa isiyotozwa kodi ya mapato. Tufanyeje?

Suala hili si geni kwetu, ila mwaka huu lilipata tarehe. Tarehe 24 Februari mamlaka ya kodi, Inland Revenue, ilitoa waraka wa kuomba maoni: je, mashirika ya hisani yaendelee kusamehewa kodi kwenye faida ya biashara zao? Mwisho wa kupokea maoni ukawekwa 31 Machi. Wiki tano tu. Simu yangu haikupata usingizi, nami vilevile.

Kamati ilikutana jikoni kwa katibu. Mjumbe mmoja, anajijua, aliingia na boksi la Weet-Bix, biskuti za ngano za kampuni hiyo, kwapani na pakiti ya granola yake mkononi. Akaviweka mezani sambamba, risiti juu ya kila kimoja, akavuta kiti. "Mwenyekiti, pima mwenyewe." Tukapima kwa mzani wa katibu wa kuokea keki. Kwa kila gramu mia, yake ilikuwa ghali mara kadhaa. "Huyu halipi kodi," akasema. "Siri yote iko hapo."

Nami kwa miaka nilikuwa nikisema maneno hayohayo. Leo siyasemi tena, na waraka wa maoni tuliopeleka Inland Revenue kwa jina lenu haukuyasema. Mnanidai maelezo.

Kwanza tumjue tunayemsema. Sanitarium ni mali ya Kanisa la Waadventista wa Sabato. Ilianza Melbourne mwaka 1898. Muda mfupi baadaye mwokaji Edward Halsey, aliyetokea Battle Creek, Michigan, alivuka bahari akaanza kuoka granola na mkate wa ngano nzima kwenye kibanda cha mbao Papanui, Christchurch. Kibanda, ndugu zangu, si kiwanda. Weet-Bix yenyewe haikubuniwa na kanisa. Ilitengenezwa Sydney katika miaka ya 1920 na Bennison Osborne, na kanisa likainunua mwaka 1928.

Na Kellogg's, ile kampuni nyingine kubwa ya nafaka, je? Dk. John Harvey Kellogg alikuwa mganga mkuu wa sanatorium (hospitali ya mapumziko) ya Wasabato hukohuko Battle Creek, na mdogo wake, William Keith, akaanzisha kampuni ya vipande vya mahindi mwaka 1906. Kampuni hizi mbili pinzani zimetoka jiko moja. Moja ilibaki kanisani, nyingine ikaenda kwa wanahisa. Nalitaja hili kwa sababu kuna mwanachama aliniambia Wasabato "wameingilia" biashara ya nafaka. Hawakuingilia. Sisi ndio tuliowakuta.

Sasa sheria. Msamaha wenyewe uko kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2007, kifungu CW 42: biashara inayoendeshwa kwa ajili ya hisani haitozwi kodi ya mapato, mradi faida isiingie mfukoni mwa mtu binafsi. Kueneza dini kunahesabika kuwa hisani tangu hukumu ya Pemsel kule Uingereza mwaka 1891, sawa na kusaidia maskini na kutoa elimu. Kwa hiyo kampuni ya kawaida inakatwa 28% ya faida, na ya kanisa haikatwi. Lakini GST, kodi ya bidhaa na huduma, ya 15% wanaitoza na kuiwasilisha kama sisi, na kodi ya mishahara ya wafanyakazi wao wanaikata. Tuache kusema "hawalipi kodi". Tukisema hivyo mbele ya afisa wa kodi, anafunga daftari.

Turudi kwenye mzani wa katibu. Kodi ya mapato haikatwi kwenye boksi. Inakatwa kwenye kile kinachobaki mwisho wa mwaka, baada ya ngano, umeme, mishahara na usafiri. Muuzaji anayesamehewa kodi hana sababu ya kushusha bei kwa sababu ya msamaha huo. Kama soko linakubali dola sita, atauza dola sita na abaki na faida nzima. Kuuza dola tano kungempunguzia pesa za kazi ya kanisa kama ambavyo kungenipunguzia mimi pesa za ada ya shule. Boksi lile lina bei ya chini kwa sababu viwanda vyake vinazalisha kwa wingi ambao sisi tunauota tu, na kwa sababu ngano iliyobanwa ikawa biskuti haigharimu kama granola yenye lozi, asali na zabibu. Mjumbe wetu alikuwa akilinganisha gari la mizigo na baiskeli, halafu akayalaumu mafuta.

Aliponisikia nikisema hivi alikunja uso. Ila naye alikuwa na haki, sehemu nyingine.

Faida ya msamaha iko kwenye kinachobaki ndani ya kampuni. Chukueni mashine ya kufungashia ya dola 360,000. Mimi na kampuni ya hisani kila mmoja anapata faida ya dola 100,000 kwa mwaka, na wote tunaiweka akiba. Mimi nabaki na 72,000 kila mwaka, kwa hiyo mashine naipata baada ya miaka 5. Mwenzangu anaipata kabla mwaka wa nne haujaisha. Huo mwaka na ushei anaonitangulia, anafungasha haraka kuliko mimi, anapata mikataba, na anapofika kwenye mashine ya pili pengo limeongezeka. Wahasibu watanikumbusha kwamba uchakavu wa mashine utanipunguzia kodi baadaye, na kwamba tangu 22 Mei mwaka huu serikali inaturuhusu kukata papo hapo 20% ya thamani ya mashine mpya kabla ya kutozwa kodi. Kweli, na asiyelipa kodi hapati chochote kwenye ruhusa hiyo. Pia yeye hawezi kuuza hisa kwa watu wa nje wanaotafuta gawio, na mwaka wa hasara hauna thamani kwake, wakati sisi hasara ya mwaka huu tunaibeba kupunguza kodi ya mwakani. Waraka wa Inland Revenue wenyewe uliyapima mambo haya pande zote, na nawasifu kwa hilo. Lakini kwa kampuni kubwa, kongwe, isiyohitaji kukopa wala kuuza hisa, pengo la akiba ndilo linalobaki.

Huko kwingine wamejaribu nini? Wamarekani walistuka mapema. Chuo Kikuu cha New York kilikuwa na kiwanda cha makaroni, Mueller, na faida yake haikutozwa kodi. Wenye viwanda vya makaroni wakapiga kelele, na mwaka 1950 Bunge lao likaanza kutoza kodi biashara za hisani zisizohusiana na kazi ya hisani. Makanisa yaliachwa nje hadi 1969, ndipo nayo yakaingizwa. Australia walikwenda upande wa pili kabisa. Mwaka 2008 Mahakama Kuu yao, katika kesi ya Word Investments, iliamua kwamba kampuni iliyokuwa ikiendesha biashara ya mazishi ili kuchangia watafsiri wa Biblia ni shirika la hisani lenyewe. Majeneza yale yalikuwa biashara tupu, lakini pesa zilikokwenda ndiko kulikoamua. Serikali ya chama cha Labor ikatangaza mwaka 2011 kwamba itaziba mlango huo, na serikali iliyoifuata ikaachana na mpango.

Baada ya kuyasoma hayo, waraka wetu uliomba kitu kimoja: faida ikitoka kwenye biashara na kwenda kwenye hisani ndani ya muda uliowekwa, isitozwe. Ikibaki ndani kukuza biashara, itozwe kama yetu. Tuliomba pia maduka madogo ya mitumba ya makanisa na misikiti yaachwe, maana makaratasi peke yake yangeyaua. Kura za kamati zilikuwa nne kwa tatu. Waliopinga walitaka tuombe msamaha wote ufutwe, na nimewaahidi kwamba msimamo wao utaandikwa kwenye muhtasari. Umeandikwa.

Matokeo? Bajeti ya Mei ilipita bila mabadiliko kwa biashara za mashirika ya hisani. Nimeulizwa kama tulipoteza wiki tano. Sidhani, ila siwezi kuwaambia tumeshinda.

Kuna neno nataka kusema taratibu. Tunao Wasabato humu ndani, baadhi yao kutoka Kisii na Mara, watu wanaofunga mashine Ijumaa jioni jua likizama, na Jumapili ndio wa kwanza kuwasha oveni. Kwenye kikundi chetu cha simu mwezi wa tatu waliandikiwa maneno ambayo sitayasoma hapa. Mama mmoja, mwanachama tangu tuanze, alinipigia akaniambia, "Mwanangu, mimi natoa zaka yangu na kodi yangu nalipa. Sasa na mimi ni adui?" Sikuwa na jibu zuri wakati ule. Kamati imeamua kwamba mjadala wa kodi utabaki wa kodi, na atakayerudia matusi ataondolewa kwenye kikundi, awe nani.

Sasa niseme kile ninachoamini kinatuumiza zaidi kuliko kifungu CW 42. Mwezi wa saba nilikwenda kwenye supamaketi moja kutafuta granola ya mwanachama wetu. Niliikuta. Ilibidi nipige goti. Ilikuwa rafu ya chini kabisa, nyuma ya ndoo ya kufanyia usafi, pakiti nne, moja imepinda. Usawa wa macho palikuwa na boksi za njano na za bluu kutoka ukuta hadi ukuta. Msimamizi aliniambia kwa upole kwamba mahali hapo pana bei yake, na bei hiyo haiandikwi kwenye lebo.

Nchi hii ina minyororo miwili mikubwa ya supamaketi. Tume ya Biashara katika ripoti yake ya Machi 2022 ilisema wanapata faida ya ziada ya karibu dola milioni 1 kwa siku. Katika hali hiyo, mzalishaji mwenye chapa kubwa anazungumza na wanunuzi wawili wakubwa, na sisi tunasubiri koridoni. Mwaka 2023 The Warehouse, kampuni ya maduka makubwa, ilipoambiwa haitapelekewa tena Weet-Bix, ilipiga kelele hadharani, na ndani ya siku chache uamuzi ukageuzwa. Sisi tukipiga kelele nani atageuka? Na mwaka 2018 mahakama ilimruhusu mwenye duka dogo la bidhaa za Uingereza, Christchurch, kuuza Weetabix, biskuti za ngano za Uingereza, kwa sharti jina lifunikwe kwa stika, kwa kuwa lilifanana mno na la Weet-Bix. Hiyo ni nguvu ya chapa, na kampuni inayolipa 28% ingeweza kuitumia vilevile. Marekani walifungua kesi mwaka 1972 dhidi ya Kellogg na wenzake kwa kuijaza rafu chapa nyingi mpaka mgeni akose pa kuingia. Baada ya miaka kama kumi kesi ikafutwa. Aliyedhani kodi ndiyo mlango pekee aisome kesi hiyo.

Ndiyo maana mwakani kamati inataka nguvu zetu ziende kwenye Kanuni za Ugavi wa Vyakula zilizokuja na sheria ya 2023. Zinamtaka muuzaji mkubwa aandike makubaliano, na zinambana anapotaka kumlipisha mzalishaji gharama ambazo hawakukubaliana. Wengi wetu hatuna hata karatasi moja ya makubaliano, tuna ujumbe wa simu. Naomba kila mwanachama anayeuza supamaketi alete nakala ya alichonacho, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp, tumpelekee mwanasheria aliyekubali kutusaidia kwa bei ya chai. Majina yatafichwa, maana najua mnaogopa kuondolewa rafuni. Nami naogopa.

Pendekezo la kufutwa msamaha wote limeletwa tena na wanachama kumi na wawili, na katiba yetu inaniamuru nilipeleke kwenye kura leo. Nitapiga kura ya hapana, ila kikao kitaongozwa na makamu mwenyekiti wakati wa mjadala, ili nisionekane nimeshika mzani na mawe yake yote.

Viti viwili vya kamati viko wazi. Fomu ziko kwa katibu, karibu na birika.

Mwenyekiti