Manjano ya chupani si manjano ya mchuzini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie dawa za mitishamba zinazouzwa kwa sifa ya kusafisha ini na kutuliza tumbo, hasa zile za kiini cha manjano, ambazo siku hizi hazikosekani kwenye maduka, stendi za mabasi na hata mikononi mwa wachuuzi wanaopanda ndani ya basi.

Sina ugomvi na manjano yenyewe. Sisi wa Muheza tumekua tukiyaona yakianikwa juani, na mama zetu waliyatia kwenye mchuzi na, tumbo likijaa gesi, kwenye maziwa ya moto. Ila unga huo wa jikoni una kurkumini, yaani kile kiini cha njano kinachosifiwa, kiasi cha asilimia 3 hivi, na sehemu kubwa yake hupita tumboni bila kuingia kwenye damu. Vidonge vya kiini huweza kufika asilimia 95, na watengenezaji wengi huongeza kiini cha pilipili manga makusudi ili kurkumini ifyonzwe kwa wingi. Anayevimeza kila siku hali kiungo tena. Anatumia dawa, nayo hupitia kwenye ini lile lile analotaka kulisaidia.

Shemeji yangu alitumia dawa ya namna hiyo kwa wiki sita kwa sababu ya kiungulia. Macho yake yalipoanza kuwa ya njano, muuzaji alimwambia kwa simu kwamba hiyo ni rangi ya manjano inayotoka pamoja na sumu, hivyo aongeze kipimo. Hospitalini vipimo vya homa ya ini aina ya B na C havikuonyesha ugonjwa. Daktari alimwuliza mara mbili kama anatumia dawa yoyote, naye mara zote mbili akakana, kwa kuwa kwake yeye yale yalikuwa manjano tu. Dada yangu ndiye aliyeitoa chupa mkobani. Aliiacha dawa, na baada ya miezi miwili macho yakawa meupe. Chupa hiyo ninayo: lebo ina picha ya ini, namba ya simu na maneno "haina madhara", lakini haitaji miligramu hata moja ya kitu chochote.

Nchini Italia, baada ya wagonjwa kadhaa kupata uvimbe wa ini uliohusishwa na vidonge vya manjano mwaka 2019, serikali ilifika mwaka 2022 mahali pa kupiga marufuku madai kwamba vidonge hivyo vinasaidia ini, na ikaagiza viandikwe onyo. Nasi tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, pamoja na Baraza lake. Naliomba Baraza lisimamie lebo itaje kiasi cha kiini, itaje pilipili manga kama imo, na iwaonye wenye ugonjwa wa ini au mawe kwenye nyongo. Neno "kusafisha" nalo liondolewe, maana ini si sufuria.

Kwa madaktari nina ombi dogo zaidi. Pamoja na kumwuliza mgonjwa anatumia dawa gani, wamwulize pia, bila kumkaripia, nyumbani anakunywa nini kingine. Swali hilo shemeji angelijibu siku ya kwanza.

Msomaji wako,
Muheza, Tanga