Mifupa ya watoto wetu inataka kiwanja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako niseme la moyoni kuhusu mifupa ya watoto wetu hapa Dar.

Vijiweni watu wakimuona Mmasai anapita na miguu yake mirefu wanasema ile ni damu, na kweli kwa sehemu kubwa ni damu, maana hali ya hewa imechonga miili ya watu kwa maelfu ya miaka. Kwenye joto kavu mwili mwembamba wenye mikono na miguu mirefu unatoa joto haraka, kwenye baridi kali kama kwa Wainuit kule kaskazini ya dunia mwili mpana wenye miguu mifupi unalitunza. Mtaalamu wa viumbe Mjerumani, Bergmann, aliliandika hili kwa wanyama mwaka 1847, Mmarekani Allen akaongezea habari ya miguu na masikio mwaka 1877. Hata tundu la pua kwenye fuvu, watu wa baridi kavu lao huwa jembamba zaidi ili hewa ipate joto na unyevu kabla haijafika mapafuni.

Sasa watu wanaishia hapo, wanadhani mifupa yote ni kurithi tu. Si kweli jamani. Mfupa uko hai, unajijenga kufuata kazi unayoupa, ukiutumia unakomaa usipoutumia unapungua, ndo maana wanaanga wakiwa huko juu wasikobeba uzito wao wanapoteza kama asilimia 1 mpaka 1.5 ya mfupa wa nyonga kwa mwezi. Mtu aliyezoea kuchuchumaa tangu utoto anabaki na alama ndogo mbele ya kifundo cha mguu, pale muundi unapogusana na mfupa wa chini yake, na wataalamu wakifukua mifupa ya kale wanaisoma. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walipima mifupa ya wanawake wakulima wa Ulaya ya kati wa miaka kama 7,000 iliyopita wakalinganisha na mabinti wa sasa wanaopiga makasia mashindanoni, wale wa kale mifupa ya mikono ilikuwa imara zaidi kwa asilimia 11 hadi 16! Ni kulima na kusaga nafaka kwa jiwe, anayejua kinu na mchi ataelewa.

Ila kilichonigusa zaidi ni utafiti wa Finland wa 1995 kwa wanawake wanaocheza tenisi na skwoshi. Mkono unaoshika raketi mfupa wake ni mnene kuliko mwingine, na walioanza kabla au wakati wa kuvunja ungo tofauti ilikuwa mara 2 hadi 4 ya walioanza ukubwani. Yani utoto ukipita, umepita.

Mhariri, sasa muangalie mtoto wa Dar. Saa kumi na moja alfajiri yuko kwenye skuli basi amekaa, darasani amekaa, jioni tuisheni amekaa, nyumbani simu. Shule anayosoma mwanangu kiwanja kimeliwa, upande mmoja fremu za maduka upande mwingine wanapaki magari, mapumziko watoto wanasimama koridoni wameegemea ukuta wanakula chipsi, na akikimbia mmoja anachapwa eti anasukuma wenzake. Kipindi cha michezo kimo kwenye ratiba lakini kinageuzwa cha hesabu. Inaniuma sana. Sisemi mtoto abebeshwe ndoo ya lita 20, hapana, naongelea rede, kuruka kamba, chandimu, vitu ambavyo havina gharama yoyote.

Naomba wahusika wa elimu mkoa wetu wapite shule kwa shule wakague viwanja, vilivyogeuzwa fremu virudishwe, na shule mpya isiyo na pa kukimbilia isisajiliwe. Na sisi wazazi kwenye vikao tusiulizie wastani wa mtihani tu, tuulize na kipindi cha michezo kimeenda wapi.

Mzazi,
Tabata, Dar es Salaam