Chupa ya sanamaki wodini, tuiongelee waziwazi

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenzangu wenye wagonjwa waliotoka oparesheni ya saratani ya utumbo mpana, na manesi pia.

Baada ya ile oparesheni utumbo unalala. Umeshikwashikwa, halafu dawa za maumivu za jamii ya morfini zinazidi kuutuliza, kwa hiyo siku mbili tatu mgonjwa hapati choo na nesi kila akipita anauliza umejamba? Hapo ndugu wanaingiwa hofu. Nilipokuwa namuuguza mama mkubwa nimeona chupa za chai ambazo ndani hazina chai kabisa, ni sanamaki au shubiri, mitishamba ya kuharisha, daktari akitokea zinasukumwa chini ya kitanda.

Jamani sanamaki ni dawa kweli, inaubana utumbo usukume, na hatari ndo ipo hapo, maana ndani kuna mshono mbichi, na kama tumbo limejaa kwa sababu mshono unavuja au utumbo umeziba, kumharisha mtu kwa nguvu unamwongezea balaa. Tena anapoteza maji na potasiamu, yale madini yanayosaidia misuli kufanya kazi, na potasiamu ikishuka utumbo unazidi kulala.

Sisemi mitishamba haifai. Japani madaktari wenyewe wanaandika dawa inaitwa daikenchuto, ina tangawizi, ginseng, pilipili yao ya sansho na sukari ya kimea, na bima ya taifa inalipia. Wameijaribu kwa wagonjwa hawahawa wa saratani ya utumbo, tafiti zingine zikaona choo kinawahi kidogo, zingine hazikuona tofauti kubwa. Lakini kipimo kinajulikana na iko kwenye faili la mgonjwa! Sisi Tanzania sheria ya tiba asili tunayo toka 2002, ila pale kitandani mimi sikuwahi kusikia mtu akiuliza mmempa nini.

Ombi langu nesi aulize mapema, kwa upole, mna dawa gani ya nyumbani, aandike. Ukifokewa unaficha. Na ndugu waelezwe cha kufanya badala ya kusubiri tu, mama mkubwa kilichomsaidia ni kuinuliwa atembee kidogokidogo koridoni na kuanza uji pale dokta aliporuhusu, hata kutafuna jojo kuna hospitali wanashauri kwa sababu kunaamsha utumbo. Hayo yakiandikwa kwenye karatasi moja ya Kiswahili ikabandikwa mlangoni mwa wodi, gharama yake ni ndogo sana.

Msomaji wenu, Tanga