Kibonde akishinda, tuambieni alishindaje

Ndugu Mhariri,

Kila Jumatatu kurasa zenu za nyuma huendesha mjadala wa kishindo cha wiki: kigogo gani kaangushwa, kibonde gani kaamka. Mjadala ni mtamu. Tatizo ni kwamba mshindi huchaguliwa kwa kutazama nani yuko wapi kwenye orodha ya FIFA, kichwa cha habari kinaandikwa "Muujiza", na habari inaishia hapo. Alifungwaje huyo kigogo? Msomaji aende akaulize kijiweni.

Chukueni Agosti 10, 2025 pale Kasarani: Harambee Stars 1, Morocco 0. Hesabu iliyopigwa kila kona ilikuwa ya nafasi, kwamba Morocco ni ya 12 duniani na Kenya iko nje ya 100 bora. Sasa, nafasi ile ya 12 iliwekwa na kina Achraf Hakimi, watu wanaocheza Ulaya. Mechi ile ilikuwa ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Hakimi hakuwepo Nairobi wala hakuruhusiwa kuwepo. Kulinganisha nafasi za FIFA kwenye CHAN ni sawa na kupima uzito wa bondia kwa kumweka kaka yake kwenye mizani.

Na bado kilikuwa kishindo, ila kwa sababu nyingine kabisa. Morocco hiyo hiyo ya wachezaji wa ndani ilikuwa imebeba kombe la CHAN la 2018 na la 2020, na Kenya ilikuwa inashiriki kwa mara ya kwanza. Ryan Ogam akafunga dakika ya 42. Muda mfupi baadaye, kabla ya mapumziko, Chrispine Erambo akatolewa kwa kadi nyekundu. Kwa hiyo kipindi kizima cha pili Kenya walikuwa kumi. Hiyo ndiyo habari. Watu kumi wanalindaje bao moja kwa dakika 45 na za nyongeza mbele ya bingwa mara mbili?

Timu ya watu kumi kwa kawaida hupanga mistari miwili ya wanne na kumwacha mmoja mbele. Umbali kati ya mabeki na viungo unatakiwa uwe mita 10, 12 hivi. Ukifika 20, kiungo wa wapinzani anapokea mpira katikati, anageuka, na kazi imeharibika. Pembeni panaachwa kwa makusudi: krosi zije tu, maana beki wa kati anaiona krosi tangu inatoka mguuni, ila pasi ya kupenya katikati haioni mpaka imempita. Mara nyingi mpango huo huvunjwa na yule mmoja aliyebaki mbele. Asipoweza kukaa na mpira walau sekunde nne au tano, kila mpira unaopigwa mbele unarudi papo hapo, mabeki hawapati nafasi ya kupanda juu kuvuta pumzi, na kidogo kidogo timu nzima inajikuta imejazana ndani ya boksi lake. Hapo ndipo mpira unapogonga goti la mtu na kuingia, au mkono, ikawa penalti. Wanaoita mbinu hii kupaki basi wanadhani ni kukaa tu. Anayekaa tu anafungwa.

Kuna pia Kasarani yenyewe: zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, uwanja umejaa, mwenyeji ni Kenya. Fomula ya FIFA haina mahali inapohesabu nani yuko nyumbani.

Mkitaka kuendelea kuitumia fomula hiyo, basi itumieni kwa ukamilifu wake. Tangu 2018 FIFA hutazama tofauti ya pointi, wala si tofauti ya nafasi. Tofauti ya pointi 300 humpa mkubwa matarajio ya 0.76, ambapo ushindi ni 1 na sare ni nusu. Tofauti ya 120 ni 0.61 tu. Na katikati ya orodha ndiko timu zilikobanana, hivyo pengo la nafasi 30 linaweza kuwa pengo dogo la pointi kuliko lile la nafasi 8 kule juu. Ninyi mnaandika nafasi, msomaji anatishika bure.

Kwa mechi za klabu kuna kipimo chepesi zaidi, nacho ni odi, yaani kiasi ambacho kampuni ya kubashiri hulipa kwa kila shilingi moja, hata kwa asiyebashiri. Gawanya 1 kwa odi. Tuseme mkubwa amewekewa 1.40, sare 4.50, mdogo 8.00. Utapata asilimia 71.4, 22.2 na 12.5. Jumla ni 106.1, na hizo 6.1 za ziada ni ulaji wa kampuni. Gawanya 12.5 kwa 1.061, mdogo anabaki na asilimia 11.8. Chukua 12 ili hesabu isikusumbue. Wikiendi ikiwa na mechi 10 za namna hiyo, uwezekano wa mdogo mmoja angalau kushinda ni kama asilimia 72. Kwa maneno mengine, wikiendi karibu 3 kati ya kila 4 zitakuwa na kishindo, hata kama hakuna jambo geni lililotokea duniani. Wale wa mikeka, wanaobashiri timu nyingi kwenye tiketi moja, wanalijua hili kwa maumivu: wakubwa kumi, kila mmoja ana asilimia 67 ukishatoa ulaji wa kampuni, wote washinde kwa pamoja? Ni mara 2 katika 100. Halafu mtu anasema mkeka wake umechanwa na timu moja. Ulichanika alipoongeza timu ya tano.

Ndiyo maana kishindo cha mechi moja na kishindo cha msimu haviwezi kukaa meza moja. Leicester City ya 2015/16 iliwekewa 5,000 kwa 1 kuwa bingwa wa Ligi Kuu ya England, ikacheza mechi 38, ikapoteza 3, ikamaliza bingwa na pointi 81. Bahati ya siku moja haivuki mechi 38. Kuna mambo yanayoonekana: haikuwa na mechi za Ulaya, ilitolewa mapema kwenye vikombe vya ndani, majeruhi walikuwa wachache, kikosi kikawa kile kile wiki hadi wiki. Mjadala wenu ulioiweka Leicester kapu moja na timu iliyofunga kwa kona dakika ya 90 hauna mizani.

Mfano wa kishindo cha mpango ni Saudi Arabia dhidi ya Argentina kwenye Kombe la Dunia, Novemba 22, 2022, uwanja wa Lusail. Argentina ilikuwa haijafungwa mechi 36. Messi akatia penalti dakika ya 10. Hervé Renard, kocha aliyewapa Zambia ubingwa wa Afrika 2012, aliwapandisha mabeki wake juu kabisa, karibu na mstari wa katikati, ili washambuliaji wa Argentina waotee. Kipindi cha kwanza pekee Argentina waliotea mara 7 na mabao 3 yakafutwa, moja la Lautaro Martínez kwa tofauti ndogo mno. Ukiyaona matokeo peke yake utasema bahati. Mtego wa kuotea una masharti yake: beki wanne wapande kwa hatua moja, na anayepiga pasi asipewe muda wa kuinua kichwa. Viungo wakichelewa kumfikia mpiga pasi, mtego unageuka mlango. Argentina walikosea kwa kukimbia mapema mara kwa mara badala ya kumwacha mshambuliaji asimame na kumtuma mtu wa tatu kutoka nyuma. Kisha Saleh Al-Shehri dakika ya 48, Salem Al-Dawsari ya 53, mechi ikageuka ndani ya dakika tano.

Saudi hao hao wakafungwa na Poland 2-0, wakafungwa na Mexico 2-1, wakaburuza mkia kwenye kundi. Argentina wakabeba kombe. Kurasa za michezo zilizokwisha kutangaza kufa kwa Argentina zilijisahau zenyewe baada ya wiki nne.

Turudi CHAN, kwa sababu kishindo kikubwa kuliko vyote vya mwezi ule hakikuwa Kasarani. Kilikuwa Amaan, Zanzibar, Agosti 12: Sudan 4, Nigeria 0. Ukisoma majina ya nchi tu, unashika kichwa. Lakini vita vilivyoanza Aprili 2023 vilizihamisha Al Hilal na Al Merrikh zikacheza ligi ya Mauritania, na wachezaji wengi wa Sudan wanatoka klabu hizo mbili. Wamezoeana, wanajuana hatua. Nigeria kwa upande wake huuza nje karibu kila kijana anayeanza kung'aa, kikosi cha ndani kinabaki cha kuunganishwa haraka. Bao la kwanza lilikuwa la kujifunga, la pili penalti. Timu isiyozoeana ikishakuwa nyuma 2-0 inafunguka ovyo, na Sudan wakaongeza mawili mapema kipindi cha pili. Sudan wakafika nusu fainali. Si ubahatishaji huo.

Matuta nayo yapewe kapu lake. Kenya ilitolewa robo fainali na Madagascar baada ya sare ya 1-1, matuta 4-3. Kwenye kumbukumbu mechi hiyo ni sare, na FIFA yenyewe humhesabia mshindi wa matuta 0.75 badala ya 1. Isitoshe, Madagascar kuitwa kibonde ni uvivu wa kutazama nyuma: CHAN iliyotangulia walimaliza wa 3. Taifa Stars waliwafunga 2-1 Dar es Salaam, mabao mawili ya Clement Mzize, na bado Madagascar ndio walioingia fainali wakafungwa 3-2 na Morocco. Hiyo Morocco ambayo Kenya watu kumi waliishinda, na ambayo iliwatoa Taifa Stars kwa bao moja.

Neno la haraka kuhusu michezo mingine, kwa kuwa mjadala wenu huichanganya. Soka huzaa vishindo kwa sababu mabao ni machache. Mpira wa kikapu una mashambulizi mengi mno, bahati inapungua, ndiyo maana Sudan Kusini kuwabana Marekani 101-100 mjini London Julai 2024 kulikuwa jambo zito kuliko sare nyingi za soka. Marekani waliokolewa na kikapu cha LeBron James sekunde za mwisho. Mdogo anayetaka kushtua kwenye kikapu hurusha sana za pointi tatu: siku zikiingia anamkaribia yeyote, siku zikigoma anapigwa pointi 40.

Kwenye ndondi, ngumi moja inatosha, lakini hata huko sababu huanza mapema. Februari 11, 1990, Tokyo, Buster Douglas aliyewekewa 42 kwa 1 alimwangusha Mike Tyson raundi ya 10. Douglas alimzidi Tyson urefu wa mikono na kumchapa jabu raundi baada ya raundi mpaka jicho likavimba. Kona ya Tyson haikuja hata na kile chuma cha baridi cha kukandamizia uvimbe. Walijaza maji ya barafu kwenye glovu ya mpira, ile ya daktari, wakambandika nayo usoni. Hakuna kampuni ya kubashiri iliyoweka glovu ile kwenye hesabu zake, lakini mwandishi aliyekuwa karibu na ulingo aliiona.

Ombi ni nafasi ndogo tu kando ya mjadala, mistari sita inatosha: kadi nyekundu ilitoka dakika ya ngapi, mabao yalipatikanaje (kona, penalti, kujifunga), odi kabla ya mechi, nani alikosekana, mashuti yaliyolenga lango kwa kila upande, na walipumzika siku ngapi tangu mechi iliyopita. Mkikosa nafasi, punguzeni picha ya kocha aliyeshika kichwa. Tumeshaiona.

Msomaji wa kurasa za nyuma,
Tanga